Mwenzetu wa dawati la michezo akifariki: namna ya kuandika kumbukumbu yake

Habari ya msiba wa mwandishi wa michezo huingia kwenye makundi ya WhatsApp kabla haijafika chumba cha habari. Muda si mrefu kurasa za mashabiki zinakuwa zimeshaweka picha yake na mshumaa. Wewe uliyeingia dawatini karibuni, usikimbizane nazo. Wapo waliotangazwa marehemu wakiwa wodini wanakunywa uji. Anayethibitisha kifo ni mtu wa familia aliyeruhusiwa kuzungumza, si kiongozi wa klabu, wala si mwandishi mwenzako "aliyeambiwa na mtu wa karibu".

Simu ya nyumbani apige mtu aliyewahi kufika pale, hata kama siye atakayeandika. Aanze na pole, asianze na maswali: "Shikamoo mama. Poleni sana kwa msiba. Mimi nafanya kazi na Mzee pale dawati la michezo. Naomba kujua nani anazungumza kwa niaba ya familia." Akishampata msemaji, aulize jina kamili kama familia inavyoliandika, mwaka wa kuzaliwa, alipofia, msiba uko wapi, na maziko ni lini na wapi. Chanzo cha kifo kiulizwe mwisho. Wasipokitaja, usikitaje. "Baada ya kuugua kwa muda mrefu" ni taarifa ya kitabibu kama nyingine, haiwekwi ili sentensi ijae.

Jina lina mtego wake. Waandishi wengi wa michezo wanajulikana kwa jina la kalamu au la utani, na jina hilo ndilo wasomaji wanalolijua. Andika yote mawili katika sentensi ya kwanza, kisha shika moja hadi mwisho.

Muda ulionao hutegemea dini na mahali pa kuzikia. Msiba wa Kiislamu unaweza kumalizika siku hiyohiyo baada ya Alasiri, kwa hiyo habari fupi itoke mara moja na taazia, yaani makala ndefu ya maisha na kazi ya marehemu, ifuate kesho yake. Kama mwili unaagwa Dar es Salaam kisha unasafirishwa Moshi, Bukoba au Songea, mara nyingi unapata siku 3 hadi 5. Usichanganye maneno ya ibada. Sala ya jeneza, hitima na dua zina mahali pake, ibada ya kuaga na misa zina pake, na familia husoma kila neno.

Panga kazi tatu tofauti. Habari yenyewe ni maneno 250 hadi 300. Taazia ni maneno 800 au 900, iandikwe na mtu mmoja. Halafu kuna kumbukumbu za wenzake, watu 6 hadi 8, maneno 80 hadi 100 kila mmoja. Hizi za mwisho ndizo huharibika zaidi, kwa sababu kila mtu anadhani ni rahisi.

Ukimuuliza mtu "unamkumbukaje marehemu?", atakujibu kwamba alikuwa mcheshi, mchapakazi, hakuwa na makuu, na ameacha pengo lisilozibika. Ukikusanya majibu 8 ya namna hiyo umepata jibu moja lililorudiwa mara 8, na linamfaa marehemu yeyote. Uliza vitu vinavyoshikika. Alikuwa anakaa wapi jukwaani? Alibeba nini mfukoni siku ya mechi? Stori yenye jina la mchezaji lililokosewa ikimfikia mezani alifanyaje? Ni stori gani aliikataa, na alitoa sababu gani? Kocha aliyevinunia vyombo vyote vya habari alimpataje kwenye simu? Mtu akishaanza kujibu, nyamaza. Jibu la pili, lile linalokuja baada ya kimya kidogo, mara nyingi ndilo la kuchapisha.

Wala usiishie kwa wahariri na wanasiasa wa soka. Msanifu kurasa anajua marehemu alikuwa akichelewesha kopi, yaani habari aliyoiandika, kwa dakika ngapi na alikuwa akiomba radhi vipi. Mpigapicha aliyesafiri naye mikoani anajua alivyofanya kazi pasipo umeme. Mtunza vifaa wa klabu, mwamuzi mstaafu, mlinzi wa geti la waandishi: hawa walimwona akiwa kazini, ilhali kiongozi wa shirikisho alimwona kwenye mkutano tu.

Omba uone daftari lake, au angalau mtu akueleze lilivyokuwa. Daftari la mechi linamweleza mwandishi kuliko sifa kumi. Ukurasa wa mtu makini unaweza kuwa na mstari kama huu: "34 – 7 krosi kul., 9 kch, mwamba, 11 anamalizia." Ni dakika, namba ya jezi, krosi kutoka kulia, kichwa, mpira ukagonga mwamba, kisha mfungaji. Mstari mmoja, na bao zima limo. Anayeandika "bao zuri sana dk 34" atalazimika kumuuliza jirani yake baadaye. Ukieleza tofauti hiyo ndani ya taazia, msomaji atajua marehemu alikuwa mwandishi wa aina gani, na hutahitaji kumwita mahiri.

Kama ni wa kizazi cha simu ya mezani, eleza pia jinsi kopi ilivyofika. Mechi ya saa 10 jioni inakwisha karibu na saa 12, na toleo la mikoani halisubiri. Mwandishi alisoma habari ya kipindi cha kwanza kwa simu wakati wa mapumziko, mtu wa dawatini akiandika, majina magumu yakitajwa herufi kwa herufi. Aya ya kwanza iliachwa wazi. Filimbi ya mwisho ikilia, alipiga tena na kusoma sentensi mbili za kuijaza. Ndiyo maana waandishi wengi wa wakati ule wana sentensi fupi: sentensi ndefu ilikatikia kwenye waya.

Sasa uhakiki. Mtu mwenye majonzi hadanganyi, lakini huchanganya, na soka letu lina mitego ya kutosha. Mtu akikwambia "aliripoti ile ya tano bila", muulize ipi. Yanga waliwafunga watani 5–0 mwaka 1968. Simba wakawafunga Yanga 5–0 Mei 2012. Ile ya Novemba 2023 Yanga walishinda 5–1, si tano bila, ingawa vijiweni hiyo moja husahaulika. Sita bila ni ya Simba, Julai 1977. Na ukisema marehemu alianza kuwaandika Simba mwaka 1969, umekosea hata kama miaka ni sahihi: klabu ile ilikuwa bado Sunderland, jina la Simba lilikuja 1971. Uwanja wa Taifa nao unategemea mwaka. Katika kumbukumbu za miaka ya 1980 ni huu tunaouita Uhuru leo. Katika kumbukumbu za 2010 unaweza kuwa ule mpya uliofunguliwa 2007, ambao tangu 2020 unaitwa Benjamin Mkapa. Kumbukumbu ya mtu iache kwa maneno yake, lakini mwaka na matokeo yahakikishe kwenye gazeti la siku iliyofuata mechi.

Tofautisha pia kuwepo na kuandika. Taifa Stars walipocheza Kombe la Mataifa ya Afrika kule Lagos mwaka 1980, habari ziliandikwa na waliosafiri na pia na waliobaki ofisini wakifanyia kazi taarifa za mashirika ya habari na redio. Vivyo hivyo Filbert Bayi alipokimbia mita 1500 kwa 3:32.2 kule Christchurch, New Zealand, mwaka 1974. Kazi ya ofisini si ya aibu, ila usimpandishe mtu ndege ambayo hakuipanda. Kitambulisho cha mashindano, picha, au jina lake juu ya habari iliyotumwa kutoka mji huo vinatosha. Kumbuka tu kwamba habari nyingi za zamani zilitoka "Na Mwandishi Wetu", kwa hiyo kukosa jina lake hakuthibitishi kwamba hakuandika.

Neno "wa kwanza" liogope. Mwanamke wa kwanza kuripoti soka, mtu wa kwanza kutangaza ndondi kwa Kiswahili: madai haya huzaliwa msibani na baada ya wiki mbili yanageuka historia. Dada waliofanya kazi za michezo kabla yake wapo, na baadhi yao wataisoma. Huna ushahidi? Andika mwaka alioanza, msomaji ataona mwenyewe.

Swali la Simba au Yanga litakuja, halikwepeki. Kama marehemu mwenyewe alikuwa akisema wazi, andika. Kama alikaa kazini maisha yake yote bila kujulikana ni wa timu gani, kumfichulia jezi siku ya maziko ni kumvunjia kazi yake. Ugomvi wake na shirikisho au klabu uandike kama ni sehemu ya kazi iliyojulikana, pamoja na sababu yake. Taazia isiyo na ugomvi wowote ya mtu aliyeandika soka miaka 30 haiaminiki. Madeni, ndoa na ulevi si vya dawati la michezo.

Kichwa cha habari kiwe cha kawaida. "Apulizwa filimbi ya mwisho", "atolewa kwa kadi nyekundu ya mauti", "dakika za majeruhi": yote haya futa. Mjane atakikata kipande hicho na kukihifadhi.

Picha ni tatizo kuliko unavyodhani, maana mtu aliyekaa nyuma ya kamera na kalamu hupigwa mara chache. Waombe wapigapicha wapekue mikutano ya waandishi na pembe za picha za mazoezi. Mara nyingi yumo pembeni akiandika. Hiyo ni bora kuliko picha ya pasipoti. Ya jenezani usitumie.

Kuna kazi za nje ya ukurasa. Rambirambi zipokelewe na mweka hazina mmoja aliyetajwa na familia au chama, kwa namba moja ya simu ambayo jina linalotokea ukituma hela linajulikana. Weka tarehe ya kufunga na uandike orodha, kwa sababu matapeli hufungua namba zao siku hiyohiyo. Dakika ya kimya uwanjani haiombwi timu zikiwa zimeanza kupasha misuli: barua ifike kwa wasimamizi wa ligi kabla ya kikao cha maandalizi ya mechi, ikiwa na jina lililoandikwa kama litakavyotamkwa. Ukiambiwa uzungumze msibani, dakika 3 ni maneno kama 300, na wasifu utasomwa na familia, kwa hiyo usiurudie. Sema ya kazini.

Madaftari, kanda na picha zake usiziulizie kabla ya arobaini. Ukikabidhiwa, andika orodha ya vilivyopokelewa, mpe familia nakala, na usicheze kanda ya zamani kwenye redio mbovu, itatafunwa. Akaunti zake za mitandao usiziingie hata kama nywila unaijua. Makala aliyoiacha nusu haichapishwi bila ruhusa ya familia na mhariri, na ikichapishwa, msomaji aambiwe aliishia aya gani.

Na makosa yatatokea. Mtoto wa pili ataachwa, kijiji kitakosewa, mwaka wa ndoa utapinda. Familia ikipiga, usijitetee kwamba "ndivyo tulivyoambiwa". Sahihisha mtandaoni saa hiyohiyo ukionyesha kilichobadilishwa, weka masahihisho kwenye toleo linalofuata, na rekebisha nakala ya maktaba, kwa sababu atakayeandika kuhusu marehemu miaka 10 ijayo ataanzia hapo.