Mchoro wa mto wa Kiholanzi: usikimbilie mafumbo

Kuna watu wakiona tu mchoro wa zamani wa Kiholanzi wanaanza, mashua ni maisha, mto ni wakati, mnara wa kanisa ni Mungu, kwisha habari. Mimi ni mpenzi wa michoro ya Jan van Goyen (1596–1656), mchoraji wa Kiholanzi wa mito na mandhari, naifungua usiku kwenye tovuti ya Rijksmuseum, jumba la makumbusho la Amsterdam, bure kabisa, naikuza mpaka naona chembe za chaki nyeusi. Ushauri wangu: kwanza jiulize kila kitu pale kinafanya kazi gani, fumbo litafuata kama lipo.

Chukua pantoni. Kaichora sana, watu wamebanana na ng'ombe, na sababu iko wazi, nchi imejaa mito, bila pantoni huendi sokoni. Yule jamaa aliyeinama pembeni ya boti anainua dema. Vinu vya upepo navyo vingi vilikuwa vya kuvuta maji, ziwa la Beemster lilikaushwa hivyo mpaka likawa mashamba mwaka 1612, kwa hiyo ukisema kinu ni fahari ya Waholanzi nakubali, maana fahari yenyewe imetoka kazini.

Sisemi mafumbo hayakuwepo. Mwandishi Mholanzi Roemer Visscher alitoa Sinnepoppen mwaka 1614, kitabu kizima cha vitu vya kawaida vyenye mafunzo, na watu walikisoma. Ila mto wenye maana nzito kweli ni ule wa mji wa Nijmegen, ngome ya Valkhof juu ya mto Waal, van Goyen kairudia mara kibao. Waholanzi waliihusisha na Claudius Civilis, mtu wa kabila la kale la Wabatavi, waliowaona kama mababu zao, aliyewaasi Warumi mwaka 69 BK, na wao wenyewe walipigana na Hispania hadi 1648, sasa hapo nani hakuelewa?

Kingine, angalia alichohamisha. Lile lango la Pellekussenpoort la karibu na Utrecht analichomeka kwenye mito ya kubuni, na mahali kama hapo ndo pa kuuliza kwa nini, japo jibu linaweza kuwa tu kwamba linapendeza na linauzika. Huyu bwana van Goyen alinunua maua ya tulipu kwa biashara mwaka 1637 soko likaanguka, akafa na madeni, alihitaji hela. Kwa hiyo ukiona VG na 1653 kwenye kona ya chini, hiyo ni saini na mwaka wa kazi, usiifanye nayo fumbo jamani.