Je, mkubwa anaweza kumwita mdogo wake "kaka"?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Ninasoma mtandaoni manga, yaani hadithi ya michoro ya Kijapani, ambayo mashabiki wameitafsiri kwa Kiswahili. Kuna ukurasa ambapo kijana amemwinamia mdogo wake aliyeumia, anamwambia: "Amka, kaka yangu!" Rafiki yangu anasema hapo pamekosewa kwa sababu kaka ni mkubwa tu. Mimi nasema kaka ni ndugu yeyote wa kiume. Nani yuko sahihi? Na je, hizi tafsiri feki hazituharibii Kiswahili?

JIBU: Marahaba. Kwa ukurasa huo, rafiki yako yuko sahihi.

Kwa maana yake ya asili, kaka ni ndugu wa kiume aliyekutangulia kuzaliwa. Aliyekufuata ni mdogo wako, awe wa kiume au wa kike. Ni kweli kwamba siku hizi neno limelegea. Utamsikia mtu akisema ana kaka watatu, na ndani ya hao watatu yumo kitinda mimba. Vijana wasiojuana nao huitana kaka bila kuulizana umri. Lakini huyo asiyejulikana anaitwa kaka kwa kuheshimiwa, yaani anapewa ukubwa hata kama hana. Mkubwa anapomwita hivyo mdogo wake wa tumbo moja, tena katika dakika ya uchungu, msomaji anageuza picha kichwani: anadhani aliyelala chini ndiye mkubwa. Hadithi nyingi za Kijapani zinasimama juu ya jambo hilohilo la nani alitangulia na nani anamlinda nani, kwa hiyo kosa si dogo.

Nashuku najua lilikotoka. Kijapani kinatenganisha umri: ani ni ndugu mkubwa wa kiume, otouto ni mdogo wa kiume; ane ni dada mkubwa, imouto ni mdogo wa kike. Kiingereza kina neno moja tu la ndugu wa kiume, linalotaja jinsia na kunyamazia umri. Kama mashabiki wako walifanyia kazi toleo la Kiingereza, na dalili ni hizo, basi umri ulidondoka njiani nao wakaokota jinsia peke yake. Linaloniuma ni kwamba Kiswahili kilikuwa na neno tayari. "Mdogo wangu" liko karibu na otouto kuliko chochote ambacho Kiingereza kinaweza kutoa bila kuongeza kivumishi.

Tena, katika familia ya Kijapani mdogo humwita mkubwa kwa cheo chake cha undugu, oniisan, ilhali mkubwa kwa kawaida humwita mdogo kwa jina. Basi kwenye kiputo hicho cha maneno ningeandika jina la mtoto: "Amka!" kisha jina lake, basi. Kama mfasiri anataka upole zaidi, "Amka, mdogo wangu!" Mdogo naye akifumbua macho na kuita "Kaka…", neno litakuwa limekaa mahali pake hasa, na msomaji atajua nani ni nani bila maelezo.

Kuhusu upatanisho, kwa kuwa wengi huteleza: kaka yangu, kaka zangu, mdogo wangu, wadogo zangu. Kitenzi hubaki cha viumbe hai: kaka yangu ameumia, wala si "imeumia".

Sasa hilo neno feki. Kitu feki ni kile kinachojifanya kuwa kingine. Tafsiri hiyo haijifanyi. Imesema wazi kuwa ni kazi ya mashabiki. Iite tafsiri ya mashabiki, au tafsiri isiyo rasmi ukitaka kueleza kwamba mwenye kazi hakutoa ruhusa. Ruhusa hiyo ni haki yake kweli: Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki uliotiwa saini 1886, unampa mwandishi mamlaka juu ya tafsiri za kazi yake. Hilo ni suala la haki, nalo ni zito, ila halihusiani na ubora wa Kiswahili kilichomo. Nimesoma tafsiri rasmi zilizokauka kama mbao, na za mashabiki zenye Kiswahili kinachotembea. Lugha haiharibiwi na watu wanaokesha kuitafutia maneno.

Ningependa wakeshe zaidi kwenye maneno ya undugu, maana mtego wa kaka ndio mwepesi. Mgumu ni oji, ndugu wa kiume wa mzazi. Kijapani hakijali ni upande wa baba au wa mama. Kinajali umri, na hata hapo tofauti iko kwenye maandishi tu: aliye mkubwa kuliko mzazi huandikwa 伯父, aliye mdogo 叔父, matamshi ni yaleyale. Sisi tunauliza upande kwanza. Wa mama ni mjomba. Wa baba ni ami, au baba mkubwa na baba mdogo, na hapo ndipo ile herufi ya kwanza inapomsaidia mfasiri kuchagua. "Anko" lipo, na kwa hadithi ya wanafunzi wa leo silikatai, lakini kinywani mwa samurai halikai.

Shida huja pale manga inapotoka sura kwa sura na mwandishi hajafichua ukoo. Kuandika "mjomba" kwa kubahatisha ni kumzulia mtu dada. Katika hali hiyo ningemwita kwa jina lake au "mzee" hadi sura itakayoeleza. Ikija kusema ni ndugu wa mama, mjomba ataingia bila kukanusha kurasa za nyuma.