Magofu ya pwani: maswali yenu na majibu

Wiki hii maswali mengi ni ya magofu, nimefurahi sana maana hii mada iko moyoni kabisa, tuanze.

Hivi magofu ya Kilwa si walijenga Waarabu? Sisi yanatuhusu nini? (Temeke)

Yanakuhusu ndugu yangu, tena sana. Hadithi ya zamani ya Kilwa inasema sultani wa kwanza alitoka Shiraz, mji wa Uajemi (Iran ya leo), na utafiti wa vinasaba uliotoka 2023 umeonyesha kweli watu wa miji ya pwani walichanganya damu, kina baba wengi wana asili ya Uajemi na kina mama karibu wote ni Waafrika wa hapahapa. Sasa mtoto wa mama wa hapa, anaongea Kiswahili, utamwitaje mgeni? Kule Shanga, visiwa vya Lamu, wamechimba wakakuta misikiti ya mwanzo kabisa ni ya miti na udongo, ya mawe imekuja juu yake palepale, yaani ufundi umekua humuhumu pwani. Mimi nikisikia mtu anasema "ya Waarabu hayo" naumia kwa kweli.

Nilienda Kilwa Kisiwani, mbona vyumba vyembamba vile na walikuwa matajiri? (Tabata)

Swali zuri mno hili. Jibu ni boriti. Dari zao zilibebwa na boriti za mikoko na mkoko mnyoofu mgumu haukupi urefu mkubwa, kama mita 3 hivi basi, kwa hiyo chumba unaweza kukirefusha utakavyo ila upana boriti ndo inaamua. Kuta ni mawe ya matumbawe na chokaa, na chokaa yenyewe ni matumbawe yaliyochomwa. Kwenye kibla (pale anaposimama imamu) na fremu za milango walitumia tumbawe bichi la baharini, likitoka majini ni laini unalichonga nakshi, likikauka linakuwa jiwe kwelikweli. Sasa angalia Msikiti Mkuu, ile sehemu kubwa ya mwanzoni mwa karne ya 14, zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman: pale waliacha boriti wakaezeka kwa kuba na matao ya mawe, na ilipoanguka wakaijenga tena karne ya 15. Huyohuyo sultani ndo anahusishwa na Husuni Kubwa, jumba la vyumba zaidi ya 100 lenye bwawa la pembe nane juu ya jabali, bahari chini. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alifika Kilwa 1331 na akausifia mji.

Neno gereza limetoka kwenye ile ngome ya Kilwa inayoitwa Gereza? (Mbagala)

Hapana, ni la Kireno, igreja, maana yake kanisa. Wareno waliteka Kilwa 1505 wakajenga ngome, ya sasa kwa sehemu kubwa ni ya Waomani.

Kilwa mbali, nauli sina, nianzie wapi? (Mwenge)

Kunduchi, hapahapa Dar! Watu wanapita kila siku kwenda bichi na hawajui kuna msikiti wa zamani pale na makaburi ya minara, nguzo zilizopachikwa sahani na bakuli za Kichina. Ukipata siku nyingine nenda Kaole, Bagamoyo, msikiti wake wa karne ya 13. Vaa kwa heshima, usipande juu ya kaburi kupiga selfi, wale ni wazee wetu wamelala.

Niliokota kipande cha sahani ya zamani kwenye magofu, nikakiweka nyumbani kama ukumbusho. Kuna kosa? (amekataa kutajwa)

Lipo. Sheria ya Mambo ya Kale ipo tangu 1964, na hata bila sheria, mtaalamu anausoma umri wa ukuta kwa kuangalia kigae kimelala tabaka gani la udongo, ukikitoa unakuwa umechana ukurasa. Asante kwa kusema ukweli. Kipeleke Makumbusho ya Taifa pale Mtaa wa Shaaban Robert, Dar, waambie ulikiokota wapi hasa, upande gani wa msikiti, karibu na nini, andika kwenye karatasi kabla hujasahau.