Konyagi si Cognac

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nafanya kazi hotelini Arusha, na nimepewa jukumu la kuandika orodha ya vinywaji kwa Kiswahili. Nimekwama penye maneno matatu. Cognac niandike konyagi? Champagne iwe shampeni hata kama chupa imetoka Afrika Kusini? Na tuseme mvinyo mwekundu, mvinyo nyekundu au divai nyekundu? Mkubwa wangu wa kazi anasema yote ni sawa, mradi mgeni aelewe.

JIBU: Marahaba. Mwambie mkubwa wako kwa upole kwamba hapo ndipo penye shida: mgeni hataelewa. Mtanzania akisoma konyagi kwenye orodha yenu, ataona kichwani kile kinywaji kikali kisicho na rangi, kinachotengenezwa Dar es Salaam kwa molasi ya miwa. Akiona bei ya Cognac ya Ufaransa mbele ya neno hilo, atadhani mmemwibia. Na mgeni wa kutoka Ulaya akimwomba mhudumu Cognac, akaletewa konyagi, naye atalalamika. Vinywaji hivi viwili vimeshirikiana jina tu.

Jinsi jina lilivyosafiri ni rahisi kuona. Herufi gn za Kifaransa hutamkwa kama ny yetu. Kiswahili hakipendi neno liishie kwenye konsonanti, kwa hiyo likapewa i mwishoni, na ile k ya mwisho ikalegea ikawa g. Mpaka hapo neno limefuata njia ileile iliyofuatwa na maneno mengi ya kigeni. Lakini jina hili lilipobandikwa kwenye chupa ya hapa nyumbani likapata maana mpya, na leo maana hiyo ndiyo inayotawala. Huwezi kuirudisha nyuma kwa kuandika orodha ya hoteli.

Cognac kwanza ni mji. Uko magharibi mwa Ufaransa, kando ya mto Charente. Wafanyabiashara wa Kiholanzi walikuwa wakifika sehemu hizo kununua chumvi na divai, na ndio walioeneza mtindo wa kuikeneka divai, yaani kuichemsha na kukusanya mvuke wake upoe uwe kileo kikali. Wakakiita brandewijn, divai iliyochomwa. Brandi yetu imetoka huko, kupitia Kiingereza. Mipaka ya eneo la Cognac iliwekwa kwa amri ya serikali ya Ufaransa mwaka 1909, na masharti yake ni makali: zabibu za eneo hilo, nyingi zikiwa za aina ya Ugni Blanc, kukenekwa mara mbili katika mitungi ya shaba, kisha kulazwa katika mapipa ya mwaloni kwa muda usiopungua miaka 2. Rangi yake ya kahawia huanzia kwenye mapipa hayo.

Kwa hiyo kila Cognac ni brandi, ila si kila brandi ni Cognac. Andika "brandi ya Cognac", kwa C kubwa, kwa kuwa ni jina la mahali. Konyagi iandike kama ilivyo kwenye chupa yake, K kubwa, kwa kuwa ni jina la kinywaji cha kampuni. Mstari wa kwanza uende kwenye brandi, wa pili uende kwenye pombe kali za hapa nyumbani.

Kuna mtego mmoja nataka nikuonye mapema. Baadhi ya chupa za Cognac zimeandikwa Grande Champagne au Petite Champagne. Nimewahi kuona mtu akizitafsiri "shampeni kubwa" na "shampeni ndogo". Hakuna shampeni humo hata tone. Neno champagne limetokana na campania ya Kilatini, yaani uwanda, nchi tambarare iliyo wazi, na Ufaransa ina nyanda kadhaa zenye jina hilo. Wa Cognac uko magharibi. Ule unaotoa kinywaji cha mapovu uko kaskazini mashariki, kwenye miji ya Reims na Épernay, mbali kabisa na wa kwanza. Majina hayo mawili yaache kama yalivyo kwenye chupa.

Sasa shampeni yenyewe. Kwetu neno hili limeshatoka nje ya kiwanda. Kwenye sherehe ya harusi mshereheshaji akitangaza ufunguzi wa shampeni, mara nyingi chupa inayofunguliwa ni ya juisi ya zabibu yenye gesi, na hakuna anayeona kosa. Mimi pia silioni. Pale shampeni ni jina la tendo: kizibo kuruka, vigelegele, maharusi kunyweshana. Lugha ina haki ya kufanya hivyo.

Orodha ya bei ni jambo jingine, maana hapo unauza. Watu wa Champagne wamelipigania jina lao kwa jasho, na hata kwa moto. Mwaka 1911 wakulima wa bonde la Marne walivamia maghala ya wafanyabiashara waliokuwa wakinunua zabibu za mikoa mingine na kuziuza kwa jina la Champagne. Divai ikamwagwa na nyumba zikachomwa. Wakati huohuo wakulima wa wilaya ya Aube, upande wa kusini, waliandamana kwa kuwa mipaka iliyochorwa iliwaacha nje. Sheria ya mwaka 1927 ndiyo iliyowaingiza ndani rasmi. Ukijua hayo, huwezi tena kulichukulia jina lile kama neno la kawaida la kila kinywaji chenye mapovu.

Na Afrika Kusini? Hapa pana kisa ninachokipenda. Mwaka 1935 nchi hiyo ilikubaliana na Ufaransa kwamba haitatumia majina ya maeneo ya Kifaransa, Champagne likiwemo, kwenye vinywaji vyake. Ufaransa kwa upande wake ikakubali kununua kambakoche wa Afrika Kusini. Jina la divai likabadilishwa kwa samaki wa gamba! Ndiyo maana chupa bora za mapovu kutoka huko, zinazochachuliwa mara ya pili ndani ya chupa kwa hamira na sukari kama wanavyofanya Wafaransa, zimeandikwa Cap Classique, jina lililoanza kutumika mwaka 1992. Wahispania nao wana cava, Wajerumani wana sekt. Wewe andika "divai ya mapovu", kisha jina lililo kwenye chupa, kisha nchi. Shampeni ibaki kwa ile ya Champagne tu.

Tumalizie na mvinyo. Neno hili ni vinho la Wareno, waliofika pwani yetu mwaka 1498 na kuiacha Mombasa mwaka 1698. Walituachia pia meza, leso, bendera na karata. Maneno hayo hatukuyawekea kiambishi, lakini vinho tulilivika m- mbele, na kwa m- hiyo likaingia kwenye ngeli ya mti na miti. Waingereza nao waliwahi kulikata neno la watu kwa kisu chao. Mji wa Jerez huko Hispania Waarabu waliuita Sherish. Divai yake kwa Kiingereza ikaitwa sherris, kisha wakadhani ile s ya mwisho ni ya wingi, wakaiondoa. Ndiyo sherry ya leo.

Kwa kuwa mvinyo uko kwenye ngeli ya mti, sema mvinyo huu, mvinyo mwekundu, mvinyo mweupe. "Mvinyo nyekundu", iliyojaa kwenye orodha za hoteli, ni kosa, na nakuomba uwe mtu wa kwanza hapo kazini kwenu kulifuta.

Divai ni neno jingine. Ni du vin ya Kifaransa, pamoja na kile kijineno du kinachotangulia, tulichokimeza kizima. Hilo liko kwenye ngeli ya nyumba: divai hii, divai nyekundu. Kanisani ndilo linalosikika zaidi, na kwenye Biblia waalikwa wa arusi ya Kana waliishiwa divai. Mvinyo una maana pana zaidi. Zamani uliweza kumaanisha hata kileo kikali. Kwa sababu hiyo, kwa kinywaji cha zabibu peke yake, mimi napendelea divai. Divai nyekundu ya Dodoma, kwa mfano, inasomeka vizuri, na inastahili kuwekwa juu ya orodha: mizabibu ya huko huvunwa mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo mkulima wa Ufaransa hawezi kulipata. Mkiamua kutumia mvinyo, si kosa, ila utumieni huohuo mpaka mwisho wa ukurasa.

Nyongeza moja, kwa kuwa hoteli nyingi sasa huwapa wageni ladha za pwani. Msije mkaandika "mvinyo wa mnazi". Kinywaji kile kina jina lake la siku nyingi, tembo. Na msiogope kwamba mgeni atafikiri mnamuuzia mnyama, kwa sababu ngeli inavitenganisha: mnyama ni tembo huyu, cha kunywa ni tembo hili. Sikiliza methali: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Hulitia, si humtia. Andika "tembo la mnazi".