Wiki 8 za kliniki na wiki 8 za kitabu: nani kakosea?

SWALI: Assalaam alaykum, daktari. Mimi ni mwanafunzi wa udaktari, mwaka wa kwanza. Kwetu Wete, nasoma hapa mjini Unguja. Anatomia ya mkono na mguu naimudu kwa sababu naiona mezani na kuishika. Embriolojia, somo la namna mtoto anavyoumbika tumboni, inanishinda. Usiku nakariri wiki ya tatu, ya nne, ya tano. Asubuhi zote zimechanganyika. Juu ya hayo, dada yangu kapimwa altrasaundi akaambiwa mimba ina wiki 8 na kiumbe ana milimita 16. Kitabu changu kinasema mwisho wa wiki 8 anafika milimita 30. Nani kakosea? Na somo hili nilisome vipi?

JIBU: Waalaykumu salaam, mwanangu. Hapana aliyekosea. Unasoma kalenda mbili ukidhani ni moja, na wengi huingia kwenye mtihani hawajalijua hilo.

Kliniki huhesabu tokea siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, kwa sababu hiyo ndiyo siku mama anayoikumbuka. Kitabu cha embriolojia huhesabu tokea yai liliporutubishwa, na kwa mwanamke mwenye mzunguko wa siku 28 hilo hutokea kiasi cha siku ya 14. Basi wiki 8 za dada yako ni wiki 6 za kitabu chako. Kila unapoona namba ya wiki, uliza kwanza: imehesabiwa tokea lini?

Usilione kuwa ni jambo la hesabu tu. Chukua mama aliyeanza hedhi tarehe 1 Machi. Yai likarutubishwa kiasi cha tarehe 15. Hedhi nyingine aliitarajia tarehe 29, haikuja. Tarehe 12 Aprili amechelewa wiki mbili. Pengine ndiyo kwanza anaanza kujishuku. Siku hiyo kiinitete, yaani mtoto katika wiki zake za mwanzo, kina siku 28. Moyo ulianza kupiga kiasi cha siku ya 22. Bamba la neva mgongoni, litakalokuwa ubongo na uti wa mgongo, lilididimia katikati kama mtumbwi, kingo zake zikainuka zikakutana. Zilianza kukutana sehemu ya shingo, kisha zikafunga kwenda juu na kwenda chini, kama zipu yenye vichwa viwili. Tundu la upande wa kichwa hufunga kiasi cha siku ya 25, la upande wa mkia siku ya 28. La chini lisipofunga, mtoto huzaliwa na mgongo wazi. La juu lisipofunga, ubongo na fuvu havikamiliki, na mtoto huyo haishi.

Watoto wa mgongo wazi na kichwa maji utawaona hospitali ya Mnazi Mmoja, kwenye upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo. Ukiwaona, ikumbuke ile tarehe 12 Aprili. Mama anayeanza kliniki mimba ikiwa na miezi mitatu akapewa vidonge vya foliki (aina ya vitamini B), vitamfaa kwa damu yake, lakini mgongo wa mtoto ulishafunga au ulishashindwa kufunga zamani. Ndiyo maana tunasema foliki ianzwe angalau mwezi mmoja kabla ya kushika mimba, mikrogramu 400 kwa siku. Aliyewahi kuzaa mtoto wa namna hiyo huandikiwa na daktari kiasi cha mara kumi ya hapo. Utafiti uliochapishwa 1991, uliofanywa katika nchi kadhaa, ulionesha kwamba kwa akina mama hao kipimo hicho kikubwa kilipunguza kujirudia kwa tatizo kwa karibu robo tatu. Mimi hili nalifundisha kwa mkazo kuliko jengine lolote katika somo zima.

Sasa, namna ya kusoma. Unakariri majina ya vitu vilivyosimama, na kiinitete hakisimami. Nenda kwa fundi cherahani, muombe vipande vitatu vya kitambaa: cha buluu, chekundu na cha manjano. Vikate mviringo mrefu kama wayo, uvipange: buluu juu, chekundu katikati, manjano chini. Hiyo ni wiki ya tatu, na hayo ndiyo matabaka matatu ya kiinitete: ektodemu, mesodemu, endodemu. Juu ya buluu pana mfuko wa amnioni, wenye maji, chini ya manjano pana mfuko wa kiini.

Shika kingo za pembeni uzikunje kwenda chini mpaka zikutane. Tazama mikononi mwako: manjano imekuwa mrija ndani, ndio utumbo. Buluu imezunguka nje, ndiyo ngozi. Nyekundu imebaki katikati, nayo ndiyo misuli, mifupa na mishipa ya damu. Pale zilipokutana ni mbele ya tumbo, na upenyo uliobakia ni kitovu. Kiumbe sasa anaelea ndani ya amnioni. Hukukariri neno, umeliona.

Kisha kunja upande wa kichwa, na hapa usiwe na haraka. Kabla ya kukunja, tia alama mbili kwenye ncha ya mbele kabisa: ya kwanza moyo, ya pili, mbele yake zaidi, kile kiwambo kinene kitakachokuwa sehemu ya diaframu, msuli unaotenga kifua na tumbo. Ndiyo, moyo ulianza mbele ya kichwa. Kunja ncha kwenda chini na nyuma: moyo umeingia kifuani, na kile kiwambo kimepita nyuma ya moyo. Katika wiki ya nne kiwambo hicho kiko usawa wa shingo, nacho huzichukua neva zake hapo hapo, kutoka uti wa mgongo wa shingo namba 3, 4 na 5. Baadaye hushuka hadi chini ya kifua kikiburura neva zake. Basi siku mgonjwa mwenye usaha chini ya diaframu atakapokulalamikia bega, hutampaka dawa ya bega, maana neva za diaframu na za bega hutoka pamoja shingoni.

Viungo vyengine visome kwa njia hiyo hiyo: kilikuwa wapi, kimekwenda wapi, kimeburura nini. Utumbo unaotoka kitovuni wiki ya sita, ukazunguka, ukarudi tumboni wiki ya kumi (wiki za kitabu hizo) uigize kwa kamba. Moyo na vyumba vyake utakuchukua muda. Uchore, usiusome tu.

Tulipokuwa chuoni, kwenye Qur'ani, tulihifadhi hatua za mtoto tumboni: nutfa, kisha alaka, kisha mudgha, kwa mpangilio wake. Akili yako tayari imezoea kufuata hatua. Iongezee mikono.

Na dada yako mpe hongera. Mwambie ashike wiki 8 za kliniki, maana tarehe ya kujifungua hupigwa kwa siku 280 za kalenda hiyo, si 266 za kitabu chako.