Mdoli Asikae Sandukuni: Neno kwa Anayeandaa Wakufunzi

Mara ya kwanza kuandaa wakufunzi wa mazoezi ya kuigiza dharura za uzazi ilikuwa Iringa, siku tatu. Siku mbili na nusu ziliishia kwenye slaidi. Mdoli wa mtoto mchanga alitoka sandukuni siku ya mwisho, saa tisa alasiri, watu wakiwa wameshaanza kuulizia nauli. Waliondoka na vyeti, lakini hakuna hata mmoja aliyekuwa ameongoza zoezi. Iliniuma sana, kwa sababu ratiba niliipanga mimi.

Tangu hapo nageuza darasa. Mwaka 2007 walimu wawili wa kemia huko Colorado, Marekani, Jonathan Bergmann na Aaron Sams, walianza kurekodi vipindi kwa ajili ya wanafunzi waliokosa kuhudhuria. Baadaye wakaona maelezo yote yaweza kusikilizwa nyumbani, darasani ibaki kazi. Kwa wakufunzi wetu hilo linafaa kuliko kitu kingine chochote.

Wiki mbili kabla ya kukutana Mbeya natuma video fupi kwa WhatsApp, kila moja na swali lake la kujibu kwa sauti. Wa Makete na Ileje, wakisumbuliwa na mtandao, nawawekea kwenye memori kadi. Majibu yao ndiyo yananiambia pa kuanzia. Na asiyeangalia? Usimrudishie somo mbele ya wenzake. Ukirudia mara moja tu, wote watajua kuangalia si lazima. Mpe simu, akae pembeni, akimaliza ajiunge.

Muda unaookolewa upeleke wote kwenye mjadala wa baada ya zoezi. Hapo ndipo mkufunzi anapopatikana, na ndipo pagumu.

Safari iliyopita muuguzi mmoja alikuwa akimpumulisha mdoli kwa begi la kubana kwa mkono, lenye barakoa ya kufunika mdomo na pua. Dakika ya kwanza, ile tunayoiita ya dhahabu kwa kuwa ndani yake mtoto asiyepumua anapaswa kuanza kusaidiwa, ilikuwa inayoyoma na kifua hakipandi. Zoezi lilipoisha, mkunga aliyekuwa akijifunza kuongoza akasema hapohapo: “Sista, umekosea, barakoa haikukaa.” Yule muuguzi akainamisha kichwa, akanyamaza. Mjadala ukafa.

Nikamwomba mkunga aanze upya, ila mara hii aulize, kisha ahesabu kimoyomoyo hadi kumi kabla ya kufungua mdomo tena.

“Sista, ulipobana begi, uliona nini kifuani?”

Kimya. Kilikuwa kirefu, nami nilijizuia kwa nguvu nisidakie. Muuguzi akamshika tena mdoli, akapapasa kidevu kwa kidole gumba. “Hakikupanda,” akasema. “Upepo ulikuwa unatokea hapa chini. Ningeinua taya kwanza.” Akaibandika barakoa upya, akabana, kifua kikapanda.

Kukaa kimya namna hiyo hakufundishiki kwa video. Kunataka mtu akufanyie mbele yako, ukosee, urudie. Siku hiyo kila mmoja aliongoza mjadala mara tatu, na projekta haikuwashwa.