Fankisheni ndani ya fankisheni: anza na ya kulia

Jioni nafundisha tuisheni ya hesabu hapa Ngamiani, Tanga. Wanafunzi wangu wengi ni wa kidato cha tano, wa PCM (Fizikia, Kemia na Hesabu) na EGM (Uchumi, Jiografia na Hesabu), pamoja na wachache wanaosoma BAM, ile hesabu ya msingi, kwa sababu hawana budi. Mada ya fankisheni, yaani kanuni inayopokea namba na kutoa namba, haiwatishi mpaka kitokee kile kiduara katikati ya f na g. Hapo kalamu huwekwa chini.

Kujumlisha, kutoa na kuzidisha fankisheni ni aljebra ile ile waliyoizoea. Kama f(x) = x² − 3x + 1 na g(x) = 2x − 5, jumla yake ni x² − x − 4, basi. Kugawanya nako hakuna uchawi, ila ukiandika f(x)/g(x) useme pia kwamba x isiwe 5/2, maana hapo asili inakuwa sifuri. Wanaoacha sentensi hiyo fupi hutupa maksi bure.

Kiduara ni habari nyingine. (f∘g)(x) maana yake ni f(g(x)): x inaingia kwanza kwenye g, na kinachotoka huko ndicho kinachoingia kwenye f. Iliyoandikwa kulia ndiyo inayoanza kazi. Vijana wetu wengi wamepita chuoni, yaani madrasa, wamesoma juzuu kwa Kiarabu, kuanzia kulia si kitu kigeni kwao, nami huwakumbusha hilo kila mara. Asiyepita chuoni anayo MAGAZIJUTO ya shule ya msingi (Mabano, Gawanya, Zidisha, Jumlisha, Toa): mabano kwanza.

“Mwalimu, si jibu litakuwa lile lile tu?” Swali hili lazima liulizwe, na nalipenda. Mji wetu ni wa baiskeli, basi tuchukue baiskeli ya shilingi 200,000. Muuzaji anakupunguzia asilimia 10, na kwa kuwa mmejuana anakutolea tena 5,000. Tuandike f(x) = 0.9x na g(x) = x − 5000. Ukianza na asilimia, utalipa 175,000. Ukianza na ile 5,000, utalipa 175,500. Sasa acha namba, tumia x: g(f(x)) = 0.9x − 5000, lakini f(g(x)) = 0.9x − 4500. Tofauti ni shilingi 500, iwe baiskeli mpya au mkweche. Mnunuzi mwerevu ataomba asilimia itangulie.

Tukirudi kwenye f na g za mwanzo, ushauri wangu mkubwa ni huu: kabla ya kuingiza chochote, andika f upya ukiwa umefuta kila x na kuacha mabano matupu.

f( ) = ( )² − 3( ) + 1

Kisha jaza 2x − 5 ndani ya kila bano: (2x − 5)² − 3(2x − 5) + 1. Ukifungua utapata 4x² − 20x + 25 − 6x + 15 + 1, yaani 4x² − 26x + 41. Wanaoruka hatua ya mabano nawajua hata kabla sijaona majina kwenye madaftari. Wataandika 4x² − 25 kwenye kipeo cha pili, au −5 mahali pa +15, kwa kuwa ile −3 imegusa 2x peke yake na kuiacha −5. Hatua yenyewe inakula mstari mmoja wa karatasi. Sioni sababu ya kuibania.

Jibu likipatikana, lipime kwa namba. Weka x = 3: g(3) = 1, na f(1) = −1. Katika jibu letu, 36 − 78 + 41 = −1. Limekubali. Kwa nini 3? Kwa sababu namba ndogo zina hila. Chukua f(x) = x² na g(x) = 2x. Hapo f(g(x)) ni 4x², g(f(x)) ni 2x², na f mara g ni 2x³. Kwenye 0 zote tatu ni sifuri. Kwenye 1, mbili za mwisho zinalingana. Kwenye 2, ya kwanza na ya mwisho zote ni 16, na aliyezidisha badala ya kuingiza atajiona amepata. Ukifika 3 ndipo zote zinapoachana: 36, 18 na 54.

Domeni, yaani namba ambazo x inaruhusiwa kuwa, nayo itafutwe kabla ya kurahisisha. Kwa f(x) = x² na g(x) = √(x − 2), f(g(x)) inarahisika kuwa x − 2, na mtu huandika haraka kwamba x ni namba halisi yoyote. Lakini x ilipita kwenye g kwanza, na g haipokei kitu chini ya 2. Domeni ni x ≥ 2, hata kama jibu la mwisho halionyeshi alama yoyote ya kipeuo.

Mazoezi ya kurudi nyuma watu huyapuuza, nami huyapa muda mrefu kuliko silabasi inavyotaka. Unapewa h(x) = (3x + 7)⁵, useme ya ndani ni ipi na ya nje ni ipi. Ya ndani ni 3x + 7, ya nje ni kipeo cha tano. Mkifika kwenye difrensiesheni (kutafuta kasi ya badiliko la fankisheni), kanuni ya mnyororo inasimama juu ya hilo: unashughulikia ya nje, unapata 5(3x + 7)⁴, kisha unazidisha kwa 3 iliyotoka ndani, jibu 15(3x + 7)⁴. Ambaye hakuzoea kuitenga ya ndani ndiye atakayeisahau ile 3.